Dakika 78 za Fabrice Muamba: mpira ukikatika, nani anakushika?

Nawaandikia kutoka Kirewa, upande huu wa Tororo.

Zamu ya insha ya historia ni yangu. Nimechagua mpira, lakini leo siandiki juu ya magoli wala vikombe. Nataka tuzungumze juu ya ile siku ambayo mpira unakukataa. Kila anayecheza anaijua hofu hiyo, ila hatuitaji. Tunasema "nitapona tu", tunafunga goti kwa kitambaa, tunaingia tena uwanjani.

Tulikuwa na kiungo mmoja hapa, jina lake naliacha. Alichezea timu ya ligi ya wilaya, yaani daraja la nne. Juu yake kuna ligi ya kanda, halafu Big League, halafu Ligi Kuu ya Uganda. Yeye alizihesabu ngazi hizo kila jioni kama mtu anayehesabu pesa zake. Alikuwa na miaka 20 na alikuwa anacheza vizuri, jamani, anapiga pasi ambayo wewe hujaiona bado.

Siku moja alipokea mpira akageuka. Mguu ukabaki kwenye shimo, mwili ukaenda. Hakuna aliyemgusa. Tulisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Tukampakia kwenye bodaboda, mmoja nyuma akimshikilia, mguu ukining'inia pembeni. Nyumbani aliitwa mtaalamu wa mifupa wa kienyeji, akamkanda kwa maji ya moto. Uvimbe ulishuka baada ya wiki kadhaa, goti halikurudi. Akitembea kwenye njia iliyonyooka huoni kitu, ila akijaribu kukata kona linamtoka. Leo anauza rolex pale senta. Ukipita kununua, kabla hajakuuliza unataka mayai mangapi, atakuuliza kwanza mechi iliishaje.

Nimemkumbuka kwa sababu nimekuwa nikisoma habari za kijana mwingine, mkimbizi kama wengi wetu, ambaye mpira wake ulikatika mbele ya macho ya dunia nzima. Wengi mnamjua kwa jina. Habari yake yote, kuanzia mwanzo, ni wachache wanaoijua.

*Kutoka Kinshasa hadi London*

Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa tarehe 6 Aprili 1988, nchi ikiitwa bado Zaire, Mobutu akiwa madarakani. Baba yake alikuwa mtu wa siasa, na siasa ya miaka ile ilikuwa jambo la hatari. Mwaka 1994 baba alikimbia, akaishia Uingereza na kuomba hifadhi. Fabrice akabaki na mama yake. Miaka mitano ikapita hivyo, baba upande mmoja wa dunia na mtoto upande mwingine, vita ikiingia na kutoka, Mobutu akianguka Mei 1997 na nchi ikibadilishwa jina.

Ndugu zangu, hapo kwenye miaka mitano sihitaji kuwaeleza sana. Kusubiri ni kitu tunachokijua. Hata ardhi hii ya Tororo inakijua. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kwa Busia na Malaba wakikimbia fujo. Baadhi yao waliwekwa Mulanda, hapa jirani yetu, kabla ya kupelekwa mbali hadi Kiryandongo. Watu waliodhani wanakuja kulala siku mbili wakajikuta wanaandikishwa majina na kusubiri. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto alimsubiri baba yake miaka mitano, namwelewa bila maelezo.

Mwaka 1999 Fabrice na mama yake walimfuata baba London. Alikuwa na miaka 11 na hakujua Kiingereza. Waliishi Walthamstow, mashariki ya jiji. Shuleni mpira ulikuwa lugha yake ya kwanza, kwa sababu mpira hauulizi unatoka wapi. Lakini hakuishia kwenye mpira. Alisoma kweli, mpaka masomo ya juu ya sekondari, akichukua Kiingereza, Kifaransa na hesabu. Kumbukeni hilo, nitalirudia baadaye.

Akiwa na miaka 14 aliingia chuo cha vijana cha Arsenal. Mwaka 2005 alisaini mkataba wa kulipwa. Arsenal ya wakati ule ilikuwa imejaa viungo wakubwa, hakupata nafasi zaidi ya mechi mbili za Kombe la Ligi. Mwaka 2006 akaenda Birmingham City kwa mkopo. Birmingham ilikuwa imeshuka daraja la pili la Uingereza, lile linaloitwa Championship, ambako mechi ni nyingi, uwanja ni matope, na beki hakupigii hodi. Muamba alicheza huko kama mtu mzima akiwa na miaka 18, na timu ikapanda Ligi Kuu mwaka 2007. Ikamnunua moja kwa moja. Mwaka 2008 akahamia Bolton Wanderers. Akavaa jezi ya England ya vijana chini ya miaka 21 mara 33.

Mtoto aliyeingia nchi bila neno moja la Kiingereza, miaka michache baadaye anaimba wimbo wa taifa la nchi hiyo uwanjani.

*Jumamosi ya tarehe 17 Machi 2012*

Siku hiyo Bolton walikuwa London, uwanja wa White Hart Lane, robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham. Muamba alikuwa na miaka 23. Magoli yalikuwa 1-1 na mapumziko yalikuwa karibu. Mpira ulikuwa upande mwingine. Hakukuwa na mtu karibu yake. Muamba akaanguka kifudifudi, akabaki palepale.

Wachezaji wa timu zote mbili waliona haraka kwamba hii si kuumia kwa kawaida. Refa Howard Webb alisimamisha mchezo na kuwaita matabibu. Daktari wa Bolton, Jonathan Tobin, aliingia mbio na wenzake. Moyo ulikuwa umesimama. Wakaanza kumkandamiza kifua palepale kwenye majani, wakamshtua kwa mashine ya umeme, bila mafanikio, wakaendelea kukandamiza.

Jukwaani kulikuwa na shabiki mmoja wa Tottenham aliyekuja kuangalia mechi kama wengine. Jina lake Andrew Deaner, na kazi yake ni daktari bingwa wa moyo. Alipoona wanakandamiza kifua bila kukoma, alielewa kinachoendelea. Akawaomba walinzi wamruhusu ashuke. Wangeweza kumkatalia, maana mashabiki wangapi husema "mimi daktari"? Wakamruhusu. Akaingia uwanjani, akasaidia, akapanda ambulensi pamoja nao, na ushauri wake ukawa wampeleke moja kwa moja hospitali ya magonjwa ya moyo, London Chest Hospital, hata kama kulikuwa na hospitali nyingine karibu zaidi.

Jumla alishtuliwa kwa mashine mara 15, kuanzia uwanjani hadi ndani ya ambulensi. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Dakika sabini na nane, ndugu zangu. Ni mechi nzima ukiondoa dakika 12.

Mechi ilivunjwa, mashabiki wakarudi nyumbani kimya. Wiki ile wachezaji wa timu nyingi, hata nje ya Uingereza, walivaa fulana zenye jina lake. Na yeye, mtu ambaye kila kitabu kingesema amekwisha, akafungua macho, akawatambua watu wake, akaongea. Tarehe 16 Aprili alitoka hospitali kwa miguu yake.

*Kwa nini alipona*

Watu wetu wengi waliisema kama muujiza tu, na mimi simzuii mtu kumshukuru Mungu. Muamba mwenyewe ni mtu wa imani. Lakini tuangalie pia mikono iliyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo kuna somo linaloweza kufika Kirewa.

Moyo ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo. Baada ya dakika nne au tano hivi ubongo unaanza kuharibika. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu hiyo, dakika 78 haziwezekani kabisa. Ziliwezekana kwa sababu mikono ya watu ilifanya kazi ya moyo. Ukikandamiza kifua vizuri, damu inasukumwa, ubongo unapata chochote kidogo, na mtu anangoja. Wale watu hawakuacha. Mmoja akichoka, mwingine anapokea.

Jambo lingine ni kwamba alikuwa amepimwa moyo kabla, kama wachezaji wa ngazi yake, na tatizo halikuonekana. Kwa hiyo vipimo peke yake havikumwokoa. Waliomwokoa ni watu waliojua la kufanya, waliokuwa karibu, na waliokuwa na kifaa.

Mwaka 2003 dunia ilikuwa imeona upande mwingine wa jambo hili. Tarehe 26 Juni, mjini Lyon, Ufaransa, kiungo wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Hakuna aliyemgusa yeye pia. Alikuwa na miaka 28, na hakuamka. Kati ya kifo cha Foé na kupona kwa Muamba ni miaka tisa, na katika miaka hiyo wakubwa wa mpira walianza kuchukua vipimo vya moyo na matayarisho ya pembeni mwa uwanja kwa uzito zaidi.

Baada ya Muamba, chama cha mpira cha England na shirika la moyo la Uingereza walitenga fedha kununua mamia ya mashine za kushtua moyo. Na safari hii zilipelekwa chini, kwa vilabu vya madaraja ya chini na timu za wanawake, ambako hakuna daktari bingwa jukwaani. Kuanguka kwa mchezaji wa Ligi Kuu kukawa faida kwa mchezaji wa ligi ya mtaani.

*Siku aliyoacha*

Baada ya kupona, Muamba alitaka kurudi. Nani asingetaka? Alikuwa anatembea, anacheka, mwili unaonekana mzima. Kifuani alikuwa amewekewa kifaa kidogo ambacho kinaushtua moyo wenyewe ukikosea mapigo. Alisafiri mpaka Ubelgiji kumwona daktari bingwa wa moyo, akitafuta neno moja la matumaini. Neno hilo halikupatikana. Tarehe 15 Agosti 2012 alitangaza kwamba ameacha mpira. Alikuwa na miaka 24. Bolton yenyewe ilikuwa imeshuka daraja Mei mwaka uleule.

Hapa ndipo nilisema nitarudi kwenye masomo. Muamba alirudi darasani. Akasomea uandishi wa habari za michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, akahitimu mwaka 2015. Baadaye akaingia kwenye kazi ya kufundisha vijana mpira. Mlango wa kwanza ulipofungwa, alikuwa ameshajenga mwingine tangu utotoni, bila kujua kwamba siku moja atauhitaji.

Wengine watasema mbona Christian Eriksen alirudi. Kweli. Eriksen wa Denmark alianguka tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen kwenye mechi na Finland, akawekewa kifaa kama kile, na Februari 2022 alikuwa anacheza tena, Brentford. Lakini hata yeye ilibidi aondoke Inter Milan, kwa sababu Italia hairuhusu mchezaji kushindana akiwa na kifaa hicho kifuani. Kila moyo una ugonjwa wake. Ruhusa ya Eriksen haikuwa ruhusa ya Muamba.

*Papy Faty wetu*

Sasa nataka niwarudishe karibu na nyumbani, maana London ni mbali.

Papy Faty alikuwa Mrundi, aliyezaliwa mwaka 1990. Warundi wa kikundi hiki mnamjua. Kiungo mrefu, mwenye nguvu, alicheza Uturuki katika klabu ya Trabzonspor, akacheza APR ya Kigali, akaenda Afrika Kusini katika klabu ya Bidvest Wits, na akavaa jezi ya taifa ya Burundi, Intamba mu Rugamba. Akiwa Afrika Kusini moyo ulianza kumsumbua. Akaachana na Wits, na ushauri wa madaktari ulikuwa mmoja: acha mpira.

Hakuacha. Alipata timu nchini Eswatini, Malanti Chiefs, kwenye ligi ambayo wengi wenu hamjawahi kuona hata mechi yake moja. Tarehe 25 Aprili 2019, mechi dhidi ya Green Mamba, alianguka uwanjani. Akafa akiwa na miaka 28.

Angalieni tarehe. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Machi 23, Burundi walitoka sare 1-1 na Gabon mjini Bujumbura, wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Bujumbura ilicheza ngoma usiku kucha. Mashindano yalianza Misri mwezi wa sita, naye Faty alikuwa tayari kaburini.

Simhukumu. Ningependa mtu yeyote wa kikundi hiki asimhukumu. Mwambie mtu ambaye tangu utotoni anajulikana kwa jambo moja tu, na jambo hilo ndilo mkate wake na jina lake, aliache leo saa nne asubuhi. Utampa nini mkononi badala yake? Daktari akikuambia "acha" amekwambia ukweli, lakini maneno yake hayalipi kodi ya nyumba.

Muamba na Faty walipewa neno lilelile. Mmoja alilipewa akiwa na klabu iliyokuwa ikimngojea, nchi yenye hospitali, na vyeti vya shule kabatini. Mwingine alilipewa akiwa ugenini, mchezaji asiye na klabu, na mpira ndio kazi pekee aliyoifanya. Nikiwaangalia hawa wawili siwezi kusema mmoja alikuwa na akili na mwingine hakuwa nayo. Tofauti ilikuwa kwenye watu na vitu vilivyowazunguka siku ile.

*Na goti je?*

Najua mtaniambia moyo ni nadra, sisi hapa tunamalizwa na goti. Ni kweli, ndiyo maana nilianza na rafiki yetu wa rolex.

Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba, ndizo zinazozuia mfupa wa chini usiteleze mbele au nyuma ukigeuka. Ile ya mbele ikikatika, uvimbe hushuka wenyewe na maumivu hupungua, mtu anadhani amepona. Anarudi uwanjani, goti linamtoka tena, na kila likitoka linasaga vitu vingine ndani. Mara nyingi kinachomaliza mchezaji wa daraja la chini ni kule kurudi mapema. Kuumia kwa mara ya kwanza kungeweza kutibiwa.

Zamani hata tajiri hakupona. Mfano ni Brian Clough, mshambuliaji wa Sunderland, timu iliyokuwa daraja la pili la England. Tarehe 26 Desemba 1962, uwanja ukiwa umeganda kwa baridi, alikimbilia mpira akagongana na kipa wa Bury. Kano za goti zikakatika. Alikuwa ameshafunga magoli 251 katika mechi 274 za ligi. Alijaribu kurudi mwaka 1964, akacheza mechi tatu, akaishia hapo, miaka 29. Alilia sana na akanywa sana, historia haifichi hilo. Lakini Oktoba 1965 akiwa na miaka 30 alipewa ukocha wa Hartlepools, timu ya daraja la nne, masikini kabisa. Kutoka hapo akaja kuzifanya Derby County na Nottingham Forest mabingwa wa England, na Forest mabingwa wa Ulaya mwaka 1979 na 1980. Wengi wanamkumbuka kwa ukocha. Goti wamelisahau.

Siku hizi kano hiyo inatengenezwa kwa upasuaji, na mchezaji hurudi baada ya miezi tisa au zaidi ya mazoezi ya polepole. Lakini kutoka Kirewa mpaka hospitali ya Tororo ni safari, kutoka Tororo mpaka hospitali ya rufaa ya Mbale ni safari nyingine, na upasuaji wenyewe ni pesa ambazo kiungo wa daraja la nne hana. Kwa hiyo kwa wengi wetu goti la mwaka huu ni sawa na goti la Clough la 1962.

*Tufanye nini hapa*

Sasa maneno mawili kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima. Mnatuletea mipira, mnatuletea jezi, na tunashukuru, msidhani hatushukuru. Picha inapendeza. Lakini jezi haimbebi mtu aliyeumia. Mkituuliza tunahitaji nini zaidi, mimi ningesema: mtu wa kutufundisha huduma ya kwanza, hata siku moja kwa kila timu, machela moja, na mpango unaojulikana wa gari gani litaitwa mtu akianguka. Mashine ya kushtua moyo ikipatikana hata moja kwa eneo zima, ni baraka. Na kwa wale mnaoendesha miradi ya michezo ya vijana, tafadhali msiiache shule nje ya mradi. Kijana wa miaka 14 anayecheza vizuri ndiye anayehitaji darasa kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayelidharau.

Na kwetu sisi wachezaji. Haya yafuatayo hayahitaji pesa.

Mtu akianguka bila kugongwa, ukimwita haitiki, hapumui au anavuta pumzi mojamoja kama anakoroma, usimmwagie maji na usimnyweshe kitu. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sentimita tano, halafu kiachie kirudi juu kabisa. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Mwingine akimbie kutafuta gari. Mkichoka badilishaneni kila dakika mbili. Msiache mpaka aamke au mpaka mhudumu wa afya afike. Usiogope kwamba utamuumiza. Mtu ambaye moyo wake umesimama huwezi kumfanya awe mbaya zaidi.

Goti likilia, mechi imeisha kwako siku hiyo. Maji ya baridi, usikandwe kwa moto, usivutwe mguu, pumzika, nenda kituo cha afya. Na baada ya hapo usirudi kwa sababu uvimbe umeshuka. Kocha anayekuambia "jikaze" wakati goti linakutoka anataka pointi tatu. Goti ni lako, utatembea nalo miaka 50.

Halafu lile la tatu, gumu zaidi. Mwenzetu akikatikiwa na mpira, tusimwachie senta peke yake. Sisi tulifanya kosa hilo. Rafiki yetu alipoumia tulimtembelea wiki ya kwanza, tukamtembelea ya pili, halafu ligi ikaendelea na sisi tukaendelea nayo. Alikaa mwaka mzima akisikia kelele za mechi kutoka alikosimama na sufuria yake ya chapati, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia njoo ukae nasi benchi.

Juzi nilienda kununua rolex nikamsimulia habari za Muamba, na dakika zile 78. Akasikiliza huku anapindua chapati. Aliponyamaza muda, nikamuuliza kama angekubali kuwafundisha wale wadogo wa chini ya miaka 13, maana hawana mtu. Akaniuliza, "Na goti hili?" Nikamwambia Clough naye alikuwa na goti kama hilo. Hakunijibu ndiyo, hakunijibu hapana. Akaniuliza mazoezi yao huanza saa ngapi.

Ni saa kumi jioni, Jumanne na Alhamisi. Nimewaandikia wote ili Alhamisi akitokea, mumpokee vizuri, na asipotokea, mtu mwingine aende tena kununua rolex.